Uzi wa wakusanyaji wa vitabu vya katuni vya zamani: Sani, Spear, Joe na wenzao. Mapenzi au uwekezaji?

#1 Karanga za Gazeti

Wakuu, habari za jioni.

Kila dunia inapotangaza kwamba kitabu cha Superman kimeuzwa kwa mabilioni, PM yangu inajaa. "Mkuu, mzee aliacha maboksi ya Sani, bei gani?" "Nina Spear mbili, moja haina jalada, nipe milioni." Nimeona nifungue uzi tumalizane humu humu.

Kwa wasionijua: nakusanya majarida ya katuni na hadithi za picha yaliyosomwa Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1960 mpaka Kingo ya James Gayo. Sani, lile jarida la katuni la Tanzania, ndiyo ugonjwa wangu mkubwa. Inafuata African Film, ile ya mpelelezi Lance Spearman tunayoiita Spear, halafu Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, ambayo kuipata ni kazi kuliko zote. Katuni za magazetini, kama Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru, nazichukua pale tu ukurasa ulipobaki mzima.

Msimamo wangu nauweka mapema tusipotezeane muda. Kwa majarida ya kwetu, soko bado halijazaliwa. Wapenzi wapo, wauzaji wa kubahatisha wapo, ila soko hakuna. Bei ya Sani ni ile ambayo mtu aliyeitafuta kwa muda mrefu yuko tayari kutoa siku mkikutana, na akishaipata, wa pili wa kumuuzia humwoni. Anayeingia hapa akitafuta faida ya haraka atanichukia. Anayeingia kwa sababu alimcheka Ndumilakuwili wa kwenye Sani akiwa darasa la tano, karibu sana.

#2 Siti ya Mbele

Nimevuta kiti. Lodi Lofa wa kwenye Sani alinifanya nichapwe na mwalimu wa zamu, naomba mnihesabie fidia na riba yake.

#3 Mzee wa Kurasini

Shikamoo zenu nimeshazipokea, msihangaike kuziandika.

Mimi nitawaambia habari za Spear. Ile haikuwa ya kuchora. Ni picha za kamera, watu halisi, na maneno yamewekwa kwenye viputo. Kimombo kitupu. Kwa hiyo pale kijiweni aliyefika mbali shuleni ndiye alishika kitabu, anatutafsiria, na akifika mahali asipopaelewa anatunga. Kuna visa vya Spear ninavyovikumbuka vizuri kabisa ambavyo nina hakika havikuwahi kuandikwa.

Kofia, ndevu za kidevuni, suti iliyokaa, gari la Corvette. Wasaidizi wake Sonia na kijana Lemmy, na Kapteni Victor wa polisi. Adui aliyetunyima usingizi ni Rabon Zollo. Vijana wa mtaani walinyoa kama Spear, walivaa kama Spear, na wengine mpaka leo majina yao halisi hatuyajui, tunawaita Spear tu.

Sasa jambo ambalo wengi wetu tulikuja kulijua uzeeni: kitabu kile kilitengenezwa na Drum Publications ya Jim Bailey, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wenyewe. Aliyeigiza Spear ni Jore Mkwanazi. Hebu fikirini. Mtu mweusi anaendesha Corvette, anaamrisha watu, anakunywa hotelini, na nchi inayomtengeneza ingemdai pasi akikatiza mtaa usiku. Nasi huku tuliimba kila siku dhidi ya makaburu na jioni tunasoma kitabu kilichotoka kwao. Hakuna aliyetuambia, na sidhani kama tungeacha.

#4 Hatifungani

Mzee wangu, heshima kwako, stori tamu. Ila mtoa mada nikuulize kama mtu mzima. Pesa unayonunulia karatasi za kufungia vitumbua si ungeiweka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au hatifungani za serikali pale BoT, Benki Kuu, kila miezi sita unapokea riba umekaa? Hiyo Sani inalipa riba wapi? Ikiliwa na mchwa unamshitaki nani?

#5 Karanga za Gazeti

Hatifungani, umenigusa na jina langu pia. Hayo majarida yamekuwa adimu *kwa sababu* yalifungiwa karanga na vitumbua. Ndiyo siri yote ya bei, hata huko Marekani.

Action Comics namba 1, kitabu kilichomleta Superman, kilitoka mwaka 1938 kikiwa na tarehe ya Juni, bei senti 10 za dola. Inakadiriwa nakala kama laki 2 zilichapwa. Leo zinazojulikana kubaki ni kama 100. Zilikwenda wapi? Watoto walizisoma zikachanika, mama wakatupa, halafu ikaja vita ya pili ya dunia na kampeni ya kukusanya karatasi chakavu, watoto wenyewe wakabeba mafurushi kuyapeleka. Hakuna aliyetunza kwa sababu hakuna aliyedhani ni mali. Aprili 2024 nakala moja nzuri ikauzwa mnadani kwa dola milioni 6, zaidi ya shilingi bilioni 15 zetu. Novemba 2025 ikapita Superman namba 1 ya mwaka 1939, dola milioni 9.12. Hiyo ndugu watatu waliikuta darini kwa marehemu mama yao, California, chini ya magazeti ya zamani.

Huo ndio upande ambao watu wanausikia. Upande wa pili: kati ya kununua kwa senti 10 na kuuza kwa mamilioni kuna miaka zaidi ya 80. Aliyenunua siye aliyeuza.

Na hata aliyetajirika mara nyingi hakuwa mwekezaji. Denver kulikuwa na mchoraji wa matangazo, Edgar Church, aliyenunua vitabu vya katuni kwa maelfu miaka ya 1930 mpaka 1950 akavirundika chumbani, picha zikimsaidia kwenye kazi yake. Mwaka 1977 familia inasafisha nyumba, inataka tu mzigo utoke. Kijana mwenye maduka ya vitabu, Chuck Rozanski, akauchukua wote. Vilizidi 18,000, na kurasa zilikuwa bado nyeupe, kwa sababu Colorado ni kukavu na rundo lenyewe lilijibana hewa isipite. Mpaka leo kitabu kilichotoka kwenye rundo lile kinauzwa ghali kuliko mwenzake wa hali ileile.

Kwa hiyo sikuambii utoe pesa UTT. Pesa ya ada usiiguse. Mimi nanunua kwa hela ambayo mwenzangu angeinywea bia.

#6 Baridi ya Minnesota

Salaam kutoka kwenye theluji. Nipo Marekani mwaka wa kumi na kitu, nanunua na kuuza vya huku kama kazi ya wikendi. Niwape picha ya soko lenye kila kitu, kisha mlinganishe na la kwetu.

Huku kuna kitabu cha bei, Overstreet, kilianza 1970. Kuna nyumba za minada. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni ya CGC: unawapelekea kitabu, wanakikagua, wanakipa daraja kuanzia 0.5 mpaka 10, kisha wanakifungia ndani ya plastiki ngumu. Tangu hapo huwezi kukisoma tena bila kuivunja, unaangalia jalada tu. Binafsi naona ni kumzika kitabu akiwa hai, ila mnunuzi wa mbali anaamini ile namba kuliko maneno yangu. Na tofauti ya nukta kidogo ni pesa kubwa. Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, Spider-Man anapoonekana mara ya kwanza, nakala ya daraja 9.6 ilifika dola milioni 3.6 mwaka 2021. Kitabu hichohicho kilichochoka kinapata kipande kidogo mno cha hapo. Na ukikigusa ukakitengeneza, ukapaka rangi palipobanduka, CGC wanakiwekea lebo ya zambarau na bei inaporomoka.

Kinachowaumiza ndugu zetu ni miaka ya 1990. Watu walisikia habari za Superman wa zamani, wakaanza kununua vipya kwa maboksi ili wavilaze. X-Men namba 1 ya 1991 iliuza nakala zaidi ya milioni 8. Mwishoni mwa 1992 wakamuua Superman kwenye Superman namba 75, kitabu wakakifunga kwenye mfuko mweusi, watu wakapanga foleni mtaani. Kila mtu alinunua, kila mtu akatunza vizuri kwenye plastiki. Sasa utamuuzia nani, na jirani anayo safi kama yako? X-Men ile leo utaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Maduka mengi yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mufilisi. Juzi kati ya 2020 na 2021, watu wamefungiwa ndani na corona, bei zilipanda tena kama kichaa, kisha zikashuka. Walionunua kileleni bado wanauguza.

Kwa hiyo mkiona jarida jipya limeandikwa "toleo la wakusanyaji", pita kushoto.

#7 Siti ya Mbele

Hapo kwa kuzika kitabu kikiwa hai nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#8 Jirani wa River Road

Wasee wa Bongo, hamjambo. Msisahau Nairobi.

Sisi tuko na Joe. Hilary Ng'weno na Terry Hirst waliianzisha 1973 na ikaisha 1979. Huyo Joe ni mtu wa kawaida, mfuko umetoboka, anacheka ndio asilie. Ndani kuna katuni, hadithi fupi, matangazo ya bia, kila kitu cha Nairobi ya wakati ule. Majalada ya Hirst peke yake unaweza kuyakodolea macho dakika nyingi, kila kona kuna mtu anafanya ujinga wake. Halafu miaka ya 80 kukawa na Pichadithi, ngano za kwetu zikichorwa kama komiki, kama ile ya Lwanda Magere. Frank Odoi, yule Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao, alikuwa mmoja wa wachoraji. Aliaga 2012 na barabara ndiyo ilimchukua. Ng'weno naye akatutoka 2021.

Kwa anayeanza, Pichadithi ndiyo rahisi. Zilichapwa kama vitabu, karatasi yake afadhali, na wale wauzaji wa vitabu vya chini mjini, tunaowaita inama bookshop, huwa nazo mara mojamoja wakiwa hawajui ni nini. Joe sahau kupata hivyo. Joe iko kwa nyumba za wazee, na wazee hawauzi, wanangoja wafe watoto watupe.

Kuna kitu kingine hamjagusa: Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau kwa gazeti la Taifa. Miaka na miaka ya vipande vya kila siku. Nani anakusanya hivyo? Ukikata kipande, umeharibu gazeti. Ukiweka gazeti zima, nyumba imejaa.

#9 Karanga za Gazeti

Jirani, weka gazeti zima. Kipande kilichokatwa hakina tarehe, hakina habari ya nyuma, hakina chochote cha kuthibitisha. Nimepewa mabahasha ya Chakubanga waliokatwa kwa mkasi vizuri sana, na sina namna ya kuwapanga.

Na hapa kuna jambo wageni wa uzi huwa wanalikosea. Wanasikia "namba 1, namba 1" za Marekani, wanakuja wakitafuta Sani ya kwanza kabisa. Kule namba 1 ina uzito kwa sababu ndiyo kuzaliwa kwa mhusika. Kwa Sani ningekushauri utafute mfululizo. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walilianzisha, wakapita humo wachoraji wengi, na mhusika mmoja alipita mikono tofauti. Mchukue Kipepe. Philip Ndunguru alimchora, akafariki 1986 akiwa kijana mdogo, na wahusika wake wakaendelea kuchorwa na wengine. Ukiwa na toleo moja una kichekesho. Ukiwa na matoleo ya miaka kadhaa yaliyofuatana unaona mkono ukibadilika, pua ya Kipepe inanenepa, viatu vinabadilika, matangazo ya biashara yanarudi baada ya miaka ya maduka matupu. Hicho ndicho ambacho siku moja mtu atakilipia, akiwapo wa kulipia.

Maandishi ya kalamu juu ya jalada pia watu wanaogopa bure. Marekani yangeshusha daraja. Kwangu, Sani yenye jina la mwenyewe, "F3B", na "atakayeiba atalaaniwa", naipenda zaidi.

#10 Dili Safi

Poleni na majukumu. Nina Action Comics No. 1 ORIGINAL, jalada Superman ameinua gari la kijani, bei 10c, tarehe June 1938 imeandikwa. Mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza. Naanzia dola laki moja, mzungumzo yapo. Wababaishaji tupishane.

#11 Baridi ya Minnesota

Mkuu pima urefu kwa rula kisha uturudie.

#12 Dili Safi

Sentimita 34. Kubwa kama kalenda. Kwani vipi?

#13 Baridi ya Minnesota

Ndiyo hivyo. Kitabu cha 1938 kina kimo cha sentimita 26 na ushee. Mwaka 1974 kampuni yenyewe ilikichapa upya kwa umbo kubwa, mfululizo wa Famous First Edition. Kilikuja na jalada la nje lenye kueleza kwamba ni marudio, na ndani yake jalada la zamani lilelile, na matangazo yaleyale. Ukibandua lile la nje kinabaki kama ulichonacho. Wamelizwa wengi, wala si wajinga. Kina thamani yake ndogo, mpe mtoto asome.

#14 Dili Safi

Mjomba kumbe.

#15 Dada wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Nami nina suali, tena la dhati. Marehemu baba alikuwa mtu wa kusoma, ameacha kasha zima la mabuku ya hivyo, yapo chini ya ngazi. Nilipofungua nimekuta mengine yameota ukungu, mengine yana vijidudu vya fedha vinakimbia, na pini zimefanya kutu zimechora karatasi. Mama anataka yaanikwe juani yakisha yatiwe dawa ya nondo. Nifanyeje? Sitaki kuuza saa hizi, nataka yasife tu.

#16 Karanga za Gazeti

Waalaykum salaam dada, na pole kwa msiba. Tafadhali mzuie mama kwanza.

Jua litaua rangi kabla halijaua ukungu. Karatasi hizi ni za gazeti: mti umesagwa mzima, na ile lignini ya mbao imebaki ndani. Ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano na kutengeneza asidi, karatasi inajila yenyewe. Ndiyo maana ukurasa wa gazeti la zamani unavunjika ukiukunja. Hiyo hatuizuii, tunaipunguza mwendo. Dawa ya nondo nayo inaacha harufu isiyotoka miaka, na ukiifungia pamoja na plastiki inaleta shida nyingine.

Anza na kutenganisha. Yenye ukungu yakae mbali na mazima, chumba kikavu chenye hewa inayotembea, feni inayozunguka ila isipulize moja kwa moja. Ukungu ukishakauka ukawa unga, toka nje, funga pua na mdomo, uupanguse kwa brashi laini sana ukielekea mbali na wewe. Ukiwa bado mbichi usiuguse, utaupaka.

Wale vijidudu wanapenda gundi na wanga wa karatasi. Yasiyo na ukungu yaweke kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge kabisa, uyatie kwenye friza kama wiki moja. Ukiyatoa usifungue. Yaache ndani ya mfuko mpaka yapate joto la chumba, la sivyo yatatoka jasho na umeanza upya. Friza inaua wadudu. Ukungu hauui, unalala tu.

Pini za kutu usizichomoe kwa kucha, utang'oa na kipande cha karatasi. Kama haziendelei kumung'unyuka, ziache. Selotepu isikaribie kitu chochote. Na yule rafiki atakayekushauri uyatie leminesheni, mkaribishe chai umpeleke mbali na kasha. Leminesheni haitoki.

Kuhifadhi: mifuko ya polipropilini ya wazi, au ya plastiki ya Mylar kama una ndugu wa kukuletea. PVC hapana. Ni ile laini yenye harufu ya pazia la bafuni. Nyuma ya kila kitabu weka kadibodi isiyo na asidi. Kama huipati, hata karatasi nyeupe nzuri ya ofisini ni bora kuliko kadibodi ya kahawia, ambayo yenyewe ni asidi. Yasimame wima yakiwa yamebanana kiasi, au yalale marundo mafupi. Kabati liwe mbali na ukuta na lisiguse sakafu. Wataalamu wa maktaba wanapenda unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50, usipande na kushuka. Pwani yetu hiyo ni ndoto, tunaishi juu ya 70. Vile vifuko vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vinasaidia ndani ya boksi lililofungwa, na ukivikausha vinatumika tena. Chini ya ngazi ndipo mahali pabaya kuliko pote nyumbani kwako.

Samahani kwa urefu. Na kabla hujaanza chochote, piga picha kila jalada kwa mpangilio ulivyoukuta. Mpangilio wa marehemu nao ni habari.

#17 Ndugu wa Bukavu

Jambo wote. Kwetu Kongo habari hii ina mwiba.

Kitabu cha katuni kinachotafutwa sana chenye jina la nchi yetu ni Tintin wa Kongo, cha mchoraji Mbelgiji Hergé. Kilitoka kipande kwa kipande Brussels kuanzia mwaka 1930, kikawa kitabu 1931, nyeusi na nyeupe. Toleo hilo la kwanza Wabelgiji na Wafaransa wanalilipia pesa nyingi. Ndani Mkongo ni mtu wa midomo na ujinga. Tintin, shujaa wa Kizungu, anaingia darasani kuwafundisha watoto kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 waliporudi kukipiga rangi, somo hilo wakaligeuza hesabu, sura zetu wakaziacha vilevile. Mkongo mmoja alikipeleka mahakamani Brussels mwaka 2007, mpaka 2012 akawa ameshindwa.

Na bado baba yangu alikipenda. Alikisoma utotoni kwa mapadri, na alikuwa anacheka. Nikimuuliza, anasema yule mtu mweusi wa kitabuni hakuwa yeye, yeye alikuwa Tintin. Mimi ninacho, cha rangi, cha baadaye, bei ya kawaida. Siwezi kukiuza wala kukiweka sebuleni.

Yale ninayotafuta kwa moyo ni Jeunes pour Jeunes, jarida la Kinshasa lililoanza 1968, na Apolosa wake, polisi wa Boyau. Hilo tulilichora wenyewe, na kulipata ni shida kuliko hicho cha Hergé. Angalieni hesabu hiyo: cha kututukana kimetunzwa vizuri kwenye makabati ya Ulaya na kina bei kwenye katalogi, cha kwetu kimepotea na bei hakina.

#18 Mzee wa Kurasini

Ndugu wa Bukavu, baba yako amenena. Sisi nasi kwenye sinema za kauboi hatukuwahi kuwa Wahindi Wekundu.

Kitunze. Wajukuu wakisema mambo hayo hayakuwahi kuchapwa, utawaonyesha nini?

#19 Hatifungani

Swali la kiutendaji. Kwa nini msiskani yote muweke mtandaoni, watu wote wasome bure? Karatasi ibaki kwa wenye mapenzi nayo.

#20 Karanga za Gazeti

Kuskani kwa ajili ya kutunza, naskani. Kuweka hadharani ni jambo jingine. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi kwa maisha ya mwenyewe na miaka 50 baada ya kufa. Aliyefariki 1986 kazi yake bado ni ya warithi wake, na wachoraji wengine wapo hai kabisa. Hawa watu hawakutajirika. Siwezi kuchukua kazi yao nikavuna likes. Anayetaka kulifanya kwa haki aanze na familia na wachapishaji, kisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

#21 Baridi ya Minnesota

Niongeze hapo kwenye hoja ya "soko hakuna". Mnunuzi mmoja amekuwapo muda mrefu na mnampita: taasisi. Library of Congress ya Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake ni kukusanya machapisho ya ukanda huu. Vyuo vya Ulaya vina watu wanaoandika tasnifu juu ya Spear na Sani. Karanga, huoni hapo ndipo bei itatokea?

#22 Karanga za Gazeti

Naona, na ndiyo maana nasisitiza mfululizo. Ila taasisi hainunui kwa mihemko. Inataka kujua mzigo umetoka wapi, umekamilika kiasi gani, na bajeti yake inapitishwa na kamati. Usitegemee mnada wa watu kuinua mikono. Na kusema ukweli ningefurahi zaidi yakienda kwenye mkusanyo wa East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuliko kupanda ndege, hata kama bei ni ya asante. Hapo najua Baridi tutagombana.

#23 Baridi ya Minnesota

Tutagombana sana. Karatasi iliyopanda ndege mjukuu wako ataikuta. Iliyobaki kwenye unyevu wa 70 tutasomewa taarifa yake tu.

#24 Jirani wa River Road

Wapeni nakala za skani pande zote mbili halafu muendelee kugombana. Karanga, una Joe ngapi za ziada? Niko na Spear nne za kubadilishana, moja jalada limeng'oka lakini lipo.

#25 Karanga za Gazeti

Njoo PM na picha ya ukurasa wa katikati palipo na pini. Jalada naliamini baadaye.

#26 Dada wa Mji Mkongwe

Nimerudi. Mama amekubali kutoanika. Nimeanza kupiga picha kama nilivyoambiwa. Mengi ni African Film, kuna Sani, kuna Tintin wa Kifaransa asiye na jalada. Chini kabisa, yamefungwa kwa kitambaa, nimekuta mafungu mawili yameandikwa Film Tanzania. Hayana ukungu. Haya ndiyo yale mliyosema?

#27 Karanga za Gazeti

Dada. Ndiyo yale. Usiyatie friza kwanza, usiyafungue kwa nguvu, nakuja PM sasa hivi.

#28 Hatifungani

Dada habari, samahani kuingilia. Kama utaamua kuyatoa, chochote atakachokupa Karanga, mimi naongeza laki.

#29 Karanga za Gazeti

Hatifungani!

#30 Hatifungani

Babu yangu alikuwa anayasoma. Tusifuatane.

#31 Dada wa Mji Mkongwe

Tafadhalini msigombane juu ya kitu kisichouzwa. Kasha ni la mirathi, tuko wanne na mama, na kaka mkubwa yupo Muscat, anarudi baada ya Ramadhani. Karanga, nieleze tu ile mifuko ya polipropilini hapa Unguja naipata duka gani.